Amana ya Chombo Kitupu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya nyumba na ya chumo la halali. Mwezi huu tumeona vema tuseme juu ya kitu ambacho watu wengi hupita mbele yake wala wasikitazame, nacho ni chombo kitupu. Tenga lililokwisha kumwagwa nyanya, kasha lililokwisha kutolewa machungwa, kreti ya plastiki iliyotupwa nyuma ya kibanda ikingoja safari nyingine. Vyote hivi machoni mwa watu havina thamani tena, kwani mali ni ile iliyokuwamo ndani. Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo. Yalitutia katika hasara, na lililo baya kuliko hasara, yakatutia katika dhuluma. Basi tutakieleza kisa chetu kama kilivyokuwa, bila ya kujitafutia udhuru, ili asomaye apate faida pasipo kulipa thamani tuliyoilipa sisi.

Sisi tunakaa Tanga, na ndugu zetu wengine wanalima Lushoto, katika milima ya Usambara. Kwa muda wa miaka michache tumekuwa tukishirikiana: wao huvuna nyanya, nasi huzipokea na kuziuza sokoni. Nyanya hizo huteremka kwa lori kutoka Lushoto mpaka Mombo kwa njia yenye kona nyingi, kisha hufuata barabara kuu mpaka Segera, na hapo hugeuka kuja Tanga. Hapo kwanza tulitumia matenga ya fito. Tulipoona ya kuwa nyanya zinafika zimechubuka, tulichanga fedha tukanunua kreti 20 za plastiki. Tulifurahi sana, kwa kuwa mizigo ya mwanzo ilifika kama ilivyochumwa.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Baada ya miezi michache mzigo ulianza kufika na kreti mbili au tatu zilizooza kwa chini. Safari iliyofuata zikawa sita. Ndugu zetu waliapa ya kuwa wamepakia nyanya ngumu na nzima, nasi tukawasadiki. Basi akabaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa, naye ni dereva wa lori. Tulisema ya kuwa ameuchelewesha mzigo, au ameufunika turubai katika jua kali, au amepakia magunia juu yake. Hatukuwa na shahidi hata mmoja. Hata hivyo tulimwambia maneno hayo mbele ya wachukuzi na wauzaji wenzetu, tukamkata fedha katika ujira wake, na tukawaonya wengine wasimpe mizigo yao. Yeye alijibu maneno machache, ya kwamba mizigo ya watu wengine, iliyopakiwa katika lori lile lile na siku ile ile, imefika salama. Hatukumsikiliza.

Siku ya pili yake alitupitia bibi mmoja mzee, ambaye ameuza mboga katika soko hilo tangu sisi tungali watoto. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Akasimama anatutazama tunavyochagua nyanya nzima katika zile zilizooza. Wala hakuuliza habari za dereva. Alichukua kreti moja tupu, akaipindua, akatusogezea puani. "Nuseni," akasema. Tukanusa. Ilikuwa na harufu ya uchachu kama uji uliolala. Kisha akapitisha kidole chake katika pembe ya ndani, kikatoka na utelezi mweusi.

"Wanangu," akasema, "mnapakua chakula cha leo katika sahani ya juzi."

Tulinyamaza kimya. Tangu siku tulipozinunua kreti zile hatukuwa tumeziosha hata mara moja, isipokuwa kuzikung'uta, na mvua inyeshapo kuziacha nje zirowe. Nyumbani kwetu hatungekubali kulia sahani ambayo haikuoshwa tangu jana. Lakini chombo kinachobeba chakula cha nyumba mia, tulikiona kuwa hakina haja ya maji wala sabuni.

Baada ya hapo tulikwenda kuwauliza mabwana shamba, na tukapata kufahamu namna uozo unavyosafiri. Nyanya, hata baada ya kuchumwa, ni kitu kilicho hai. Inavuta pumzi, na inatoa joto na unyevu. Ngozi yake ndiyo ngome yake, na maadamu ngozi hiyo ni nzima, maadui wengi hawapati njia. Lakini katika kuchuma, kupakia na kutikiswa njiani hapana budi ya kupatikana chache zenye mchubuko, hata kama ni mdogo kama ncha ya sindano. Hapo ndipo maadui huingia. Wako bakteria wa jamii ya Pectobacterium, ambao huiyeyusha nyama ya tunda mpaka ikawa majimaji. Yuko kuvu aitwaye Rhizopus, ambaye hutoa nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka tunda moja mpaka la jirani. Na yuko Geotrichum, ambaye uozo wake hujulikana kwa ile harufu ya uchachu aliyotunusisha bibi yetu.

Maadui hawa hawana haja ya kutafutwa mbali. Maji ya nyanya iliyopasuka wiki iliyopita, yakikauka katika pembe ya kreti pamoja na udongo wa shambani, ndiyo maskani yao. Tena hali ya safari yetu huwasaidia. Nyanya hupakiwa katika ubaridi wa mlimani, kisha huteremka katika joto la pwani lenye unyevu mwingi, na hapo hutokwa na jasho, kama gilasi ya maji baridi inavyotokwa na jasho mezani. Maji hayo huwaamsha maadui waliolala. Kwa hiyo uozo tuliousingizia mwendo wa dereva ulikuwa umepanda lori tangu Lushoto, ndani ya kreti zetu wenyewe, na huenda kila safari ulizidi kuliko safari iliyotangulia.

Jambo hili si dogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria katika mwaka 2011 ya kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa, yaani kama tani bilioni 1.3 kila mwaka, na matunda na mboga ni katika vyakula vinavyopotea zaidi. Hatusemi ya kuwa vyote hivyo huharibiwa na vyombo vichafu, kwa kuwa sababu ni nyingi. Lakini sababu hii ni katika zile zilizo mikononi mwetu, na dawa yake ni maji, brashi na saa chache za kazi. Mkulima aliyepalilia na kumwagilia miezi mitatu, kisha jasho lake likatupwa jaani kwa sababu ya pembe ya kreti isiyosuguliwa, huo ni ubadhirifu usio na udhuru.

Hapa tungependa kuwakumbusha vijana wetu jambo walilolisoma chuoni. Katika mlango wa tahara tumefundishwa ya kuwa mahali palipoingia najisi hapaoshwi kwa kurushiwa maji tu, bali huangaliwa rangi, harufu na utamu mpaka viondoke. Tulipozikagua kreti zetu moja moja, tulikuta katika mbili manyoya ya kuku na kinyesi kilichokauka, kwa kuwa tulikuwa tukimwazima kila aliyeomba bila ya kumwuliza anakwenda kubebea nini. Kinyesi cha kuku huweza kuwa na vidudu vya Salmonella, vinavyoleta homa na kuharisha, na nyanya nyingi huliwa mbichi katika kachumbari. Basi hapo yalikusanyika mambo mawili, najisi na maradhi.

Lakini kuna daraja nyingine ambayo wengi wetu huisahau. Maji ya nyanya iliyooza hayahesabiwi kuwa ni najisi; mtu akirukiwa nayo nguoni, sala yake haibatiliki. Kwa hiyo kreti huweza kuwa tahiri, na hata hivyo ikawa chafu yenye kudhuru. Asiwepo basi wa kusema, "Chombo changu hakina najisi, kwa hiyo kinatosha." Anayeishia hapo amejilinda yeye katika ibada yake, bali hakumlinda mnunuzi katika tumbo lake wala mkulima katika mali yake.

Sasa tueleze namna ya kuosha, kama tulivyofundishwa na kama tunavyofanya sisi hivi leo. Kreti huoshwa siku ile ile inapomwagwa, kabla maji ya matunda hayajakauka. Kwanza hukung'utwa, yakatolewa majani na vipande vilivyokwama. Pili humwagiwa maji safi mpaka udongo utoke. Tatu husuguliwa kwa sabuni na brashi ngumu, ndani na nje, hasa katika pembe, katika matundu ya ubavuni, na chini kwenye kitako, kwani hapo ndipo uchafu hujificha. Nne husuuzwa mpaka povu liishe. Yote haya hutaka maji yaliyo safi. Maji ya mtaro au ya dimbwi huongeza uchafu mahali pa kuuondoa.

Tano hutiwa dawa ya klorini, ile ile inayotumika kung'arishia nguo nyeupe, lakini isiwe yenye manukato. Msomaji aangalie maandishi ya chupa. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, mililita 115 katika ndoo ya lita 20 ya maji zatosha. Ikiwa ni asilimia 5, mililita 80 zatosha. Kipimo hicho hutoa kama sehemu 200 za klorini katika sehemu milioni moja za maji. Kreti huloweshwa pande zote, ikaachwa na ule umajimaji kwa muda wa dakika kama 5. Sita hukaushwa kwa kupinduliwa juu ya kichanja cha miti au mbao, wala isilazwe chini, kwa kuwa kreti iliyooshwa kisha ikawekwa mavumbini ni kama mtu aliyetawadha akakanyaga tope. Jua na upepo husaidia sana, kwani kuvu na bakteria hupenda umaji. Ila ikishakauka iondolewe juani ikawekwe kivulini, maana plastiki ikichomwa na jua siku nyingi huwa kavu na kupasuka.

Watu wengine hutaka kufupisha kazi wakaanza na dawa, wakidhani ya kuwa itaosha na kuua kwa mara moja. Hili ni kosa. Klorini haichagui. Ikikuta udongo na utelezi, humaliza nguvu zake kwa vitu hivyo kabla ya kuwafikia vidudu. Kwa sababu hiyo sabuni hutangulia na dawa hufuata, na maji ya dawa yakishakuwa ya matope humwagwa yakachanganywa mengine. Yasiwekwe mpaka kesho, kwa kuwa nguvu yake hupungua. Tena tunaonya kwa mkazo: dawa hii isichanganywe kabisa na siki, ndimu, dawa ya kuoshea vyoo wala dawa yenye amonia, kwani hutoka hewa ya sumu inayoweza kuua. Mwenye kuosha na avae mipira ya mikono, afanye kazi mahali penye hewa, na chupa iwekwe mbali na watoto.

Ama makasha ya mbao na matenga ya fito, hayo yana shida zaidi. Mti hunywa maji ya matunda, na uchafu ukishaingia ndani yake brashi haiufikii. Mwenye kuyatumia na ayasugue kwa bidii, ayakaushe juani mpaka yakauke kweli kweli, apigilie misumari iliyochomoza, akwangue vibanzi, na kila safari atandike karatasi safi mpya ndani yake. Majani makavu yaliyotandikwa safari iliyopita yatupwe, maana ndiyo malalo ya kuvu. Na kasha ambalo harufu yake haitoki hata baada ya kazi yote hiyo, lisirudishwe safarini tena.

Kuosha peke yake hakutoshi ikiwa matumizi ni mabaya. Kreti ya matunda isibebeshwe kuku, samaki, mbolea wala dawa za kuulia wadudu, hata kwa siku moja, kwa kuwa dawa nyingine hazitoki kwa kuoshwa. Kreti iliyokaa shambani kwenye udongo isipandishwe juu ya nyingine iliyojaa nyanya mpaka kitako chake kifutwe, ama sivyo udongo wote huwaangukia walio chini. Wala isijazwe ikapita ukingo wake, kwani ya juu itayaponda matunda ya chini, na kila lililopondwa ni mlango uliofunguliwa kwa maadui tuliowataja.

Na iliyoazimwa ni amana. Mwenye kuazima hana haki ya kusema, "Nimeirudisha," ikiwa alipokea chombo safi akarudisha chenye utelezi. Sisi tumetia alama katika kreti zetu zote, na tunaandika katika daftari imekwenda kwa nani, kubeba kitu gani, na imerudi katika hali gani. Hapo mwanzo jirani zetu waliona kuwa tumekuwa wagumu. Sasa wawili kati yao nao wameanza daftari zao.

Wauzaji wenzetu tungependa tuwakumbushe kisa kilichopokewa na Abu Huraira (r.a.) na kutolewa na Imamu Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye nafaka alipoulizwa alisema ya kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Tumekisikia kisa hiki mara nyingi misikitini. Je, ni wangapi katika sisi wanaokikumbuka wanapopanga nyanya nyekundu ngumu juu ya kreti, na zile laini chini? Na kreti ambayo juu yake imefutwa na kitako chake kina utelezi, si ya namna hiyo hiyo? Mkono wa mnunuzi haufiki chini, lakini hesabu hufika.

Lilibaki deni moja kwetu. Tulikwenda mahali yanapopakiwa malori, tukamkuta dereva yule amekaa na wenzake wanakunywa kahawa. Tulimweleza mbele yao yale tuliyoyaona katika kreti zetu, tukamrudishia fedha tulizomkata, na tukamwomba radhi. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akasema, "Nimepokea, na mimi nimewasamehe. Lakini wale mliowaambia wasinipe mizigo, hao siwezi kuwafuata mmoja mmoja."

Neno hilo lilituingia. Ikatubidi tuwafuate sisi. Tulikwenda kibanda kwa kibanda tukisema ya kuwa kosa lilikuwa letu, na kwamba mtu yule tulimsingizia. Wengine walicheka, wengine walisema hata walikuwa wamekwisha kusahau. Yuko mmoja ambaye mpaka leo hajarudi kumpa mzigo, na kila tumwonapo tunajua ya kuwa riziki ile imezuiliwa na maneno yetu. Utelezi wa kreti 20 tuliuondoa kwa asubuhi moja. Huu mwingine bado tunausugua.

Kwa hiyo wazee na wazazi, msiidharau kazi hii mkawaachia watoto wadogo waifanye ovyo ovyo. Isimamieni kama mnavyosimamia mizani. Nanyi vijana mnaokaa karibu na masoko, tazameni hapa pana chumo la halali. Watu wachache wakishirikiana, wakiwa na tangi la maji, brashi, kichanja cha kukaushia na daftari, waweza kuwaoshea wauzaji kreti zao kwa ujira, wakazirudisha kavu na safi kabla ya lori kuondoka. Wala pasiwe na mtu wa kuiona kazi hiyo kuwa ni ya unyonge, kwani ni kulinda jasho la mkulima na afya ya mlaji.

Na kila mzigo utakapofika umeharibika, kabla ya kumtafuta mtu wa kumlaumu, tukipindue kwanza chombo chetu wenyewe tukinuse.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutakasie mali zetu, vyombo vyetu na ndimi zetu, na awasamehe wale tuliowadhulumu bila ya kujua na pamoja na kujua. Amin.